Tulitafuta Feni Yenye Kelele

Asubuhi, kabla sijafumbua macho, huwa najua mama yuko wapi. Feni ya bafuni ikiwashwa nyumba nzima inanguruma taratibu: kitanda, vikombe kabatini, mpaka kioo cha dirisha la chumbani kwetu. Nabaki pale katikati ya usingizi na macho, na ndani ya mngurumo ule naona mambo. Naona mawingu yameshuka mpaka juu ya mashamba ya pamba, ng'ombe weupe wanatoka ndani ya mawingu, na mama yangu akiwa bado msichana anatembea mbele yao na ndoo kichwani, hana haraka yoyote. Kisha feni inazimwa, narudi Bariadi, na mume wangu ananiuliza kama chai iko tayari. Huwa simjibu haraka.

Wageni wetu husema feni ina kelele. Wanasema kwa adabu, wakishasubiri kidogo ili wasionekane wamekuja kukagua nyumba. "Shemeji, siku hizi zipo ambazo huzisikii kabisa." Mimi huwaambia tulikuwa nayo moja ya hizo, tukairudisha dukani. Wanacheka, wanadhani nawatania.

Mama alikuja kwetu mwishoni mwa msimu wa pamba, kifua kimembana, akipumua kama mtu aliyepanda mlima ilhali amekaa kitini. Kwetu ni Migato, kijijini. Kaka zangu wametawanyika, mmoja machimboni, mwingine anasikika tu kwa simu, hivyo aliyebaki wa kumpokea ni mimi, binti aliyeolewa. Daktari alisema mambo ya kawaida ambayo kwetu hayakuwa ya kawaida hata kidogo: akae karibu na hospitali, asikae kwenye vumbi wala unyevu, na asioge kabisa maji ya baridi.

Nasema hayakuwa ya kawaida kwa sababu kwetu mama hakai kwa mkwe wake. Anakuja, anasalimia, anachinjiwa kuku, anarudi. Mama na mkwilima wake, yaani mume wa binti yake, wanaheshimiana kwa kukwepana: hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, hawali chombo kimoja. Mama alikubali kuja kwa sababu hakuwa na pumzi ya kubishana. Lakini mfuko wake wa nguo aliuweka nyuma ya mlango wa chumba, umefungwa kwa kamba, na kila nilipotaka kuufungua nizitundike nguo zake alisema, "Acha, nitauhitaji."

Mume wangu si wa huku. Kwao ni Mbinga, milimani, kwenye kahawa na ukungu, na aliletwa Simiyu na kazi ya halmashauri. Ni mtu mpole, mpole mpaka anakera. Alijifunza kumsalimia mama kwa lugha yetu. Kila jioni akitoka kazini alisimama mlangoni akasema, "Mwadila, mayu," yaani habari za jioni, mama, kwa lafudhi ya kusini, na mama alijibu, "Mwadila," huku akitazama ukuta. Mume wangu alinong'ona, "Amenichukia?" Nilimwambia huko ndiko kupendwa kwenyewe, avumilie.

Tatizo lilikuwa bafu. Nyumba yetu ina bafu moja, na mlango wake unafungukia sebuleni. Dirisha lake ni kioo kisichofunguka, upana wa kitabu. Mume wangu alikuwa amefunga shawa ya umeme, na akioga asubuhi mvuke ulijaa mle mpaka unapofungua mlango anatoka yeye na wingu lake. Alilipenda wingu lile. Alisema linamkumbusha asubuhi za kwao, ambapo mtoto anatumwa kisimani na haoni miguu yake mwenyewe. Lakini Bariadi si Mbinga, mvuke haukuwa na pa kwenda. Ulipanda darini ukalala huko, na dari likaota fangasi weusi. Rangi ya ukuta ilibanduka, na taulo hazikukauka tangu Jumatatu hadi Jumapili.

Mama aliingia mle siku ya kwanza, akakohoa, akatoka. Hakuingia tena. Niliona kila asubuhi udongo umelowa nyuma ya tanki la maji, nikajua anaamka kabla ya watu na kuoga kule nje, maji ya baridi, upepo unampiga mgongoni. Kifua kikazidi. Wiki ile aliniambia, "Ng'wanone, mwanangu, nirudishe nyumbani. Nikafie kwangu." Nilikwenda jikoni nikalia, nikafungulia bomba ili asinisikie. Sikutaka mama yangu arudi Migato akaishie mbali na hospitali, peke yake, kwenye nyumba ile ambayo upepo wa shambani unaingia na vumbi lake. Nilimtaka hapa. Nilitaka kusikia anakunywa chai.

"Ni ule unyevu," mume wangu alisema. "Tukiutoa unyevu, ataoga ndani." Akaanza kusoma kwenye simu yake habari za feni za kutolea hewa, zile ambazo wauzaji huziita ekzosti. Alinisomea usiku na mchana. Bafu dogo halihitaji feni kubwa kama ya hoteli, lakini feni ndogo mno nayo itazunguka bure tu. Iwekwe juu, mbali na mlango, ili hewa safi ipite chumba kizima kabla ya kutoka. Chini ya mlango ibaki nafasi, kwa sababu feni haiwezi kutoa hewa ambayo haijaingia. Na itoe nje kabisa, si darini, maana mvuke ukiachwa darini utaozesha mbao na siku moja dari litatushukia vichwani. Mimi ni fundi cherehani, nimekaa na mashine maisha yangu yote, nikamwambia, "Baba, twende dukani tukaione."

Dukani muuzaji alitutolea mbili, akaziweka juu ya kaunta. Moja ilikuwa ya chuma, pana, rangi ya kijivu, nzito kama sufuria la msibani. Alipoiwasha, misumari iliyokuwa kwenye visahani ilianza kutembea. Ya pili ilikuwa nyeupe, ya plastiki, ina vipande vya mbele vinavyojifunga vyenyewe ikizimwa ili mbu na mijusi wasiingie. Aliiwasha, nikangoja iwake. Kumbe ilishawaka. Alichukua kipande cha karatasi laini akakisogeza, karatasi ikaruka ikajibandika kwenye feni, ikatulia pale bila kuanguka.

"Hii," mume wangu alisema papo hapo. "Mama ni mgonjwa. Hatapigiwa kelele."

Nilimtazama pale dukani, na jasho lake la mchana na viatu vyake vya vumbi, nikajisikia nimeolewa vizuri. Ilikuwa ghali kuliko ile ya chuma na hakuuliza apunguziwe.

Fundi umeme alikuja, akatoboa ukuta wa nje juu ya lile dirisha, akafunga feni, akaweka swichi nje ya bafu, mbali na mikono iliyolowa maji. Alitufundisha kuiacha iendelee kuzunguka mtu akishatoka, mpaka ukungu uishe kwenye kioo, na kuifuta vumbi kila baada ya muda, kwa sababu vumbi la huku halina huruma. Tulisugua dari, tukapaka rangi. Baada ya siku chache bafu lilikuwa kavu. Taulo zilikauka. Mume wangu alioga akatoka bila wingu lake, nikaona anatafuta kitu hewani.

Nikampelekea mama ndoo ya maji ya uvuguvugu, kopo na sabuni, nikawasha feni, nikafunga mlango. Nilikaa sebuleni na mume wangu, wote tunajifanya tunatazama taarifa ya habari. Kimya. Mama alikaa mle kwa muda ambao mtu angeoga, kisha akatoka, akapita, akaingia chumbani. Nilipokwenda kuitoa ndoo, maji yalikuwa vilevile mpaka juu, na yamepoa. Kanga yake ilikuwa kavu.

Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Bafu jeupe, kavu, linanukia rangi mpya, na nyuma ya tanki udongo umelowa.

Nina hasira za karibu, mume wangu anajua, watoto ninaowafundisha cherehani wanajua. Jumamosi ile mama alikuwa amekaa uani anachagua michembe ya kupika, vile viazi vitamu vikavu alivyokuja navyo kutoka nyumbani, nikaenda nikasimama mbele yake nikiwa nimeshika kiuno.

"Mayu, mficha maradhi kifo humuumbua. Niambie bafu lile lina nini."

"Sijaficha maradhi," alisema. "Maradhi kila mtu anayasikia. Nimeficha kuoga."

"Kumficha nani? Mlango umefungwa."

Akaendelea kuchagua michembe. Kisha akasema polepole, akitazama sinia, "Mlango unafunga macho. Haufungi masikio. Mkwilima wangu amekaa palepale kwenye kochi, mimi nimwage maji mwilini, asikie kopo, asikie maji yanavyoshuka? Nitamtazama nani tena?"

Nilishusha mikono kutoka kiunoni.

"Na ile mashine yenu imelala," aliongeza. "Nilidhani mmeleta mashine, nikafurahi. Nikangoja ilie. Haikulia."

Nilimwambia mama kwamba yeye akitaka kuoga, mume wangu anaweza kutoka nje. Hapo ndipo nilipomuudhi kweli. Mwanaume afukuzwe sebuleni kwake, akatangatange barabarani, majirani waulize, ajibu nini? Kwamba mama mkwe anaoga? "Ukimfanyia hivyo, naondoka leo hii, kwa miguu." Kisha akalainika kidogo. "Baba yako," alisema, "akirudi na ng'ombe jioni, akikaribia boma, alikuwa anafanyaje?"

Nikakumbuka. Sijui nilikuwa nimeliweka wapi jambo lile. Nyuma ya nyumba yetu Migato kulikuwa na uzio wa mabua ya mtama, duara dogo lisilo na paa, ndani yake jiwe bapa. Ndilo lilikuwa bafu letu. Niliogeshwa pale nikiwa mdogo, nimesimama juu ya jiwe lenye joto la mchana, juu yangu anga lote likibadilika rangi, na mama ananimwagia maji na kuimba kitu kisicho na mwanzo. Na kila jioni, kabla hatujaona vumbi la ng'ombe, tulisikia sauti ya baba. Alikuwa anawasemesha. Anawaita kwa majina, anawagombeza, anawasimulia habari za sokoni Lalago kwa sauti ya juu kabisa, ng'ombe wenyewe wametulia hawana hata kosa. Utotoni niliamini baba yangu anapenda sana ng'ombe. Alikuwa anatuambia kwamba amefika, na kwamba hasikii chochote isipokuwa sauti yake mwenyewe.

Nilikaa chini karibu na sinia la mama, nikamsaidia kuchagua.

Nilimweleza mume wangu. "Kumbe nilimnunulia aibu," alisema. Nikamwambia asijisumbue, kwao milimani ukungu unaficha kila kitu, angejuaje. Jumatatu tulikuwa dukani na feni nyeupe ndani ya boksi lake.

"Imeharibika?" muuzaji aliuliza.

"Haijaharibika."

"Haivuti?"

"Inavuta vizuri sana."

"Sasa mama, shida nini?"

"Haina kelele."

Alimtazama mume wangu, kama wanaume wanavyotazamana wakitaka kuokoana. Mume wangu aliegemea kaunta akasema bila kucheka, "Tunataka ile ya chuma. Kama ipo inayolia zaidi, tuonyeshe na hiyo." Muuzaji alisema ile ya chuma ameshaiweka stoo kwa sababu kila anayeinunua anairudisha. Tukamwambia sisi hatutairudisha.

Fundi alilazimika kulipanua tundu ukutani, na alifanya kazi yake huku akitikisa kichwa. Feni ilipowashwa, panya wa darini alihama, naapa. Mume wangu alisema sasa ameoa familia pamoja na mashine ya kusaga. Ilibidi tuzungumze kwa kupaza sauti, televisheni ikawa ya kutazama tu midomo. Mama aliingia na ndoo yake. Hatukusikia maji, wala kopo, wala chochote. Alitoka baadaye sana, uso unang'aa kwa mafuta, na nyuma yake mvuke mwembamba ukivutwa kurudi ndani, unapanda kuelekea kwenye feni na kupotelea nje juu ya mpapai wa uani. Nilisimama mlangoni nikiutazama ukienda. Nilihisi kama kuna mtu aliyekuwa amekanyaga kifua changu mimi, na sasa ameondoa mguu.

Tangu hapo alioga asubuhi na jioni. Wakati mwingine nilibandika sikio mlangoni, nikasikia mle ndani ya kelele uzi mdogo wa sauti: alikuwa anaimba, ule wimbo usio na mwanzo. Kifua kilianza kulegea, akaanza kutembea mpaka sokoni, akaanza kunisema kwamba naweka chumvi nyingi. Lakini mfuko ulibaki nyuma ya mlango na kamba yake. Nilipomgusia, alisema, "Feni ni ya umeme, ng'wanone. Na umeme si wa kwako." Nilijua maana yake. Siku moja kelele ile itakufa akiwa katikati ya maji, na siku hiyo hatabaki.

Ikafika. Ilikuwa jioni ya mawingu, mwanzo wa mvua, harufu ya udongo imeingia mpaka ndani. Mume wangu amekaa kwenye kochi lake na simu, mimi napasi gauni la mteja, mama yuko bafuni. Umeme ukakatika.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Na ndani ya kimya, wazi kama vile yuko katikati ya sebule, kopo liligonga ndoo, maji yakashuka, yakapiga sakafu, na sauti ya mama ikamalizia neno moja la wimbo kabla haijakatika nayo. Kisha hakuna kitu. Hakutikisika. Nilimwona kwa akili yangu amesimama gizani na sabuni mwilini, anaogopa hata kutiririka, na maji yanapoa juu yake. Nikauwaza mfuko. Nikasema moyoni, basi, ameshaondoka.

Mume wangu aliinuka. Hakunitazama. Alichukua funguo mezani, akatoka nje, akaisukuma pikipiki yake mbele ya nyumba, upande wa mbali na bafu ili moshi usimfikie mgonjwa, akaiwasha. Akazungusha mkono wa mafuta, ikanguruma mpaka mbwa wa jirani akakimbia. Alichuchumaa kando yake na bisibisi, ameipa nyumba mgongo, akijifanya anachungulia injini. Jirani akapita na kiroba cha pumba, akapaza sauti, "Vipi, imekufa?"

"Inakohoa!" mume wangu alipiga kelele. "Inakohoa tangu asubuhi! Na plagi nayo! Na mafuta ya siku hizi!" Akaendelea kuisema pikipiki ile, kuigombeza, kuisimulia mambo, ilhali ilikuwa imetoka kwa fundi juzi tu, nzima kabisa. Nilishika pazia. Nilikuwa namwona mume wangu, mtu wa Mbinga ambaye hakumkuta baba yangu hai, na nilikuwa namsikia baba yangu anarudi na ng'ombe. Nililia pale dirishani bila kufungulia bomba.

Nikabandika sikio kwenye mlango wa bafu. Ndani, chini kabisa ya kelele, maji yalikuwa yanamwagika tena.

Kesho yake mama aliufungua mfuko mwenyewe akaniomba misumari ya kutundikia nguo. Lakini ninachokirudia mimi alfajiri, feni inaponguruma na mawingu yanaposhuka kitandani kwangu, ni jioni ile. Alitoka bafuni amejifunga kanga, hakwenda chumbani. Alikuja mpaka dirishani, akasimama bega kwa bega na mimi, akamtazama kwa mara ya kwanza yule mwanaume aliyetupa mgongo. Alimtazama sana.

"Pikipiki ile haina ugonjwa," alisema. "Mwambie mwanangu azime. Mafuta yanakwisha bure."

Hakusema mkwilima. Nilitoka nje na machozi yangu, nikasimama karibu na ule moshi.

"Mama anasema uzime!"

Aliinua kichwa, uso umetapakaa oili. "Amesemaje?"

"Amesema, mwambie mwanangu azime."

Nilijua amesikia. Niliona kidevu kinamtetemeka. Lakini mkono wake ukarudi kwenye usukani, ukazungusha tena, pikipiki ikanguruma kupita mwanzo, akatikisa kichwa na kuonyesha sikio lake kwamba hakupata neno. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti mpaka jirani mwenye pumba akageuka kule barabarani:

"Amesema, mwambie mwanangu azime!"